Anayekuzimia Apdeti Si Rafiki Yako

Kuna sentensi nimeisikia hapa Eldoret mpaka nimechoka nayo: "Boss, nimekuwekea Windows safi, na apdeti nimezima zote, hutasumbuliwa." Inasemwa kwa sauti ya zawadi. Fundi anakurudishia laptopu, wewe unatuma doo kwa M-Pesa, unasema asante sana mkubwa, unaenda zako. Hakuna anayeuliza ni nini hasa kimezimwa. Ni kama mwenye nyumba Langas akukabidhi funguo halafu akuambie, "Kitasa nimeng'oa, ndiyo mlango usikusumbue kufungua."

Najua tayari kuna msee anaandika "wewe huelewi maisha ya ground." Naelewa. Sababu za kuchukia apdeti mjini hapa ni za kweli kabisa, na watu wanaotoa mashauri kutoka nchi ambazo waifai iko kila kona hawazijui. Umenunua bando ya kumalizia asaimenti, umewasha hotspot ya simu, hata hujafika aya ya pili bando imeisha. Nani kaila? Windows ilikuwa huko nyuma inajishushia vitu vyake kimyakimya. Au una presentation saa mbili asubuhi, unafungua mashine, inakuonyesha duara linazunguka na onyo la usizime. Na stima yetu tunaijua. Mvua ya alasiri ikianza kunguruma, kila mwenye ex-UK iliyokufa betri anajua ana dakika chache tu, na stima ikipotea katikati ya apdeti unaweza kubaki na skrini nyeusi hadi umtafute fundi yuleyule.

Microsoft nao wamejichafulia jina wenyewe. Oktoba 2018 walitoa toleo la 1809 la Windows 10, na baadhi ya watu wakakuta faili zao za Documents na Pictures zimefutika. Wakalisimamisha baada ya siku chache, likarudi Novemba. Agosti 2024 apdeti ya usalama ikagonga mashine zilizowekwa Windows na Linux pamoja, Linux ikakataa kuwaka. Halafu ikaja ile ya 14 Oktoba 2025, KB5066835. Hiyo ilifanya kibodi na mausi za USB zigome ndani ya ukurasa wa kurekebisha Windows. Yaani pale unapoenda kuondoa apdeti mbaya, apdeti mbaya imekufunga mikono! Dawa ya dharura ilitoka tarehe 20, siku sita baadaye.

Kwa hivyo sitetei kampuni, na hakuna anayenilipa. Lakini kutoka "apdeti moja imeharibika" mpaka "zima zote milele" kuna safari ndefu sana, na watu wanairuka kwa hatua moja. Matatu ya Uganda Road ikipata pancha, kondakta habandui magurudumu yote manne ati yasimsumbue tena.

Wengine hupenda kunitupia ile Ijumaa ya 19 Julai 2024, wakati kompyuta kama milioni 8.5 duniani ziligeuka bluu, ndege zikakwama, benki zikasimama. "Si unaona apdeti ilifanya nini?" Ile haikuwa apdeti ya Windows. Ilikuwa faili ya programu ya usalama ya CrowdStrike, ambayo inanunuliwa na makampuni makubwa. Laptopu yako ya Annex haikuwa nayo.

Sasa niwape hadithi ambayo wazimaji hawapendi. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa apdeti ya kuziba tundu moja kwenye jinsi Windows zinavyogawana faili kwenye mtandao. Ilikuwa apdeti kama nyingine yoyote, haina urembo, haikuongeza hata rangi ya kitufe. Waliokuwa wamezima apdeti hawakuipata. Tarehe 12 Mei, chini ya miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kikatokea. Kilikuwa kinapita kwa tundu hilohilo. Hukuhitaji kubonyeza kitu. Hukuhitaji kufungua email ya ajabu. Mashine moja kwenye mtandao ikishapata, inazitafuta zingine yenyewe, inafunga faili zote, halafu inakuomba dola 300 za Bitcoin. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 ziliingia kwenye hilo shimo. Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kilipunguzwa kasi na kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, ambaye aliona kirusi kinauliza kama tovuti fulani ipo, akaisajili hiyo tovuti, kirusi kikaacha kusambaa. Dunia iliokolewa na kijana wa rika letu aliyenunua jina la tovuti. Lakini dawa ilikuwepo tangu Machi, bure, na asilimia kubwa sana ya waliopigwa walikuwa kwenye Windows 7 ambayo ilikuwa bado inapewa apdeti. Hawakuwa wamesahaulika. Walikuwa hawajaiweka.

Hii ndiyo sehemu watu hawaijui kuhusu apdeti za usalama: zikitoka, zinamwonyesha mwizi mahali tundu lilipo. Anachukua faili ya zamani na mpya, anazilinganisha, anaona kilichobadilishwa. Kuanzia siku hiyo mwenye apdeti amefunga, na asiye nayo ametangazwa. Ukizima milele hujabaki ulipokuwa. Kila mwezi unazidi kuwa rahisi.

Turudi kwa fundi. Kwani anazima kwa nini? Atakuambia ni bando. Sababu ambayo hakuambii mara nyingi ni kwamba ile Windows aliyokuwekea ameiwasha kwa activator ya kuiba, na activator hizi kitu cha kwanza zinachotaka ni uzime kinga ya virusi. Defender ikibaki hai inaikamata. Na Defender hupata taarifa zake za virusi vipya kupitia Windows Update hiyohiyo. Kwa hivyo kwa mkono mmoja ameingiza programu aliyoitoa kwenye fleshi ambayo hata yeye hajui nani aliitengeneza, na kwa mkono wa pili amemfunga mlinzi macho. Halafu anakuita boss.

Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu wengi wetu laptopu ndiyo duka letu. Nusu ya mahosteli ya Moi na University of Eldoret kuna mtu anafanya transcription, anaandikia wateja wa nje, anaedit video, anauza kitu. Kivinjari chako kinakumbuka kila kitu: Gmail, PayPal, YouTube, TikTok. Oktoba 2021 timu ya usalama ya Google ilieleza jinsi wezi walivyokuwa wakiwawinda wenye chaneli za YouTube tangu 2019. Wanakutumia email ya udhamini, wanakupa programu ya kujaribu, ukiifungua inaiba vidakuzi vya kivinjari, yale makaratasi ya kidijitali yanayosema tayari umeingia. Mwizi akiwa navyo hahitaji nywila yako. Hahitaji hata ile namba inayotumwa kwa simu. Anaingia kama wewe, anabadilisha jina la chaneli, anaiuza au anaitumia kutangaza kripto za uongo.

Niseme ukweli: apdeti peke yake haikuokoi ukibonyeza faili ya wizi kwa mkono wako. Lakini mashine ambayo Defender imezimwa, apdeti zimezimwa, na activator imeachiwa njia, hiyo haina hata wa kupiga kelele.

Tena kuna kichekesho. Zile laptopu za ex-UK tunazonunua mjini, EliteBook, Latitude, ThinkPad, nyingi zilikuwa za ofisi. Tangu enzi ya Windows 8, mashine nyingi za aina hiyo zimetoka kiwandani na leseni halali imeandikwa ndani ya BIOS. Ukiweka Windows ya toleo linalofaa kutoka kwa faili rasmi ya Microsoft, ambayo kuishusha ni bure, mara nyingi inajiwasha yenyewe ikifika intaneti. Yaani kuna mtu amekulipisha ili akuibie kitu ambacho tayari ulikuwa nacho. Jaribu sasa hivi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha Enter. Ikikuambia leseni inaisha tarehe fulani, na laptopu ni yako binafsi, si ya kampuni wala chuo, basi umewekewa ile njia ya makampuni ya siku 180. Rudi kwa fundi ukiwa na swali.

Sasa nimgeukie mkosaji mkubwa zaidi, kwa sababu itakuwa unafiki kumpigia kelele jamaa wa kibanda na kumwachia tajiri. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, na kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Angalia namba ya prosesa yako: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane. EliteBook 840 G3 haikubaliki. G4 haikubaliki. G5 ndiyo inaanza kuingia. Tembea mtaani uangalie zile zinazouzwa bei ya mwanafunzi, uniambie ni G ngapi. Mashine nzima, SSD nzuri, RAM ya GB 8, inafungua kila kitu, imetangazwa mzee na mtu ambaye hajawahi kuigusa.

Walitoa mwaka mmoja wa ziada wa apdeti za usalama kwa watu binafsi, mpaka 13 Oktoba 2026. Ulaya vyama vya watumiaji vilikasirika, na nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya zikapewa bure bila masharti ya kuhifadhi mipangilio yako kwao. Sisi wengine tukaambiwa tuchague: unganisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft, au toa pointi 1,000 za Rewards, au lipa dola 30. Mtu wa Berlin mwenye mshahara anapewa bila kuombwa pesa wala mipangilio, mtu wa Kimumu mwenye G3 anaombwa akabidhi mipangilio au atoe pesa. Hasira yangu kwa hilo haijaisha. Lakini ukiwa kwenye Windows 10 na mashine haipandi 11, jiandikishe. Njia ya akaunti haigharimu hata bob. Ingia Settings, nenda Windows Update, tafuta Enroll now. Lazima uwe kwenye toleo la 22H2. Na aliyezimiwa apdeti na fundi pengine hajafika hata hapo, ndiyo maana wengi hawajawahi kuona hiyo ofa.

Kuna njia ya tatu, Linux Mint, na kwa G3 ya kuandikia na kuvinjari ni nzuri sana. Programu za Adobe hazitaingia, kwa hivyo ma-editor msinitusi. Na tafadhali, Mint pia ina apdeti. Huwezi kuzikimbia. Tofauti ni kwamba yenyewe inakuuliza.

Ile ya fundi kukupandisha Windows 11 kwa nguvu kwenye G3 kwa kuruka masharti, ujue Microsoft hawajaahidi mashine kama hiyo apdeti, na matoleo makubwa ya kila mwaka hayatakuja yenyewe. Itawaka vizuri leo. Muulize nani ataipandisha mwakani.

Haya, ufanye nini na bando ndogo na stima ya mashaka? Udhibiti upo, tena bila kuzima chochote. Waifai ya simu yako ifungulie mipangilio kwenye Windows, uwashe Metered connection. Hapo mashine inaelewa kwamba unalipia kila MB, inaacha kujishushia vitu vingi hovyo. Ukiwa na mtihani au kazi ya mteja, bonyeza Pause updates, unaweza kusogeza mpaka wiki tano. Apdeti kubwa ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu huwa saa mbili au saa tatu usiku. Mimi husubiri kama wiki hivi. Kama ina kasoro, watu wa dunia nzima watakuwa wamelia kabla yangu, na nitasikia. Kusubiri wiki ni akili. Kusubiri miaka mitatu ni kitu kingine.

Na hamhitaji kushusha kila ya kila mwezi. Zinajumuishwa: ya mwezi huu ina marekebisho ya ile uliyokosa. Ukikosa Juni na Julai, ya Agosti inakutosha. Ile ya kutoka Windows 10 kwenda 11 ndiyo nzito, faili yake inapita GB 5, hiyo iendee chuoni au kwa mtu mwenye faiba. Anza betri ikiwa imejaa. Kama betri imekufa, usianze mchana wa mawingu, period.

Ikija mbaya, iondoe. Hili ndilo mafundi hawakufundishi kwa sababu lina dakika tano tu. Kwenye Windows 11 ni Settings, Windows Update, Update history, kisha chini kabisa Uninstall updates. Tafuta ile ya tarehe ya karibuni, namba inaanza na KB, iondoe, zima uwashe. Kisha, na hapa ndipo wengi huteleza, bonyeza Pause papo hapo. Usipofanya hivyo Windows itairudisha usiku uleule na utasema umerogwa. Kama mashine haiwaki kabisa, iwashe na kuizima kwa nguvu mara tatu ikiwa inaanza, itakupeleka kwenye ukurasa wa kurekebisha. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, chagua latest quality update. Ukiwa umepanda toleo zima na hulipendi, una siku kumi za kurudi nyuma kupitia Recovery, Go back. Siku hizo kumi usimruhusu mtu "akusafishie C" kwa sababu folda ya Windows.old ndiyo njia yako ya kurudi, na ndiyo ya kwanza kufutwa na hao wasafishaji.

Kabla ya yote, nenda kwenye akaunti yako ya Microsoft uandike BitLocker recovery key yako kwenye karatasi. Julai 2024 apdeti moja ilifanya baadhi ya mashine ziamke zikidai hiyo namba ya tarakimu 48. Ukiwa huna, faili zako zipo lakini si zako.

Nimebakisha watu wa saiba, na nyinyi siwaombi, nawadai. Laptopu yangu nikiizembea napotea mimi. Kwenye mashine yako moja ya saiba, kwa siku moja tu, mtu anaingia iTax, mwingine eCitizen, watoto wa form four wanaingia KUCCPS, mwingine HELB, mama ya mtu anaskani ID mbele na nyuma na kuiacha kwenye desktop. Windows 7 iliachwa 14 Januari 2020, na bado kuna mahali hapa jijini nakuta lile duara la Start la bluu linanitazama. Tuna jiji rasmi tangu Agosti 2024 na mashine za enzi ya Kibaki. Kama una mashine nane, huhitaji hata kushusha mara nane: washa Delivery Optimization kwa mtandao wa ndani, moja ishushe, zingine zichukue kwake. Usiku ukifunga duka, ziache zikifanya kazi yake.

Na wewe mteja, kabla hujaandika nywila yako kwenye kompyuta ya mtu, fungua Chrome, bonyeza zile nukta tatu, Help, About Google Chrome. Chrome 109 ndiyo ya mwisho iliyokubali Windows 7. Ukikuta 109, chukua ID yako na karatasi zako, mwambie mwenye saiba kwa nini unaondoka, na umwambie kwa sauti ambayo foleni nzima itasikia.